Jinsi ya kuweka malengo yanayopimika ili uwe mtatuzi bora wa matatizo kazini: mwongozo kamili

Kila msimu wa tathmini, fomu nyingi hujazwa sentensi ileile: "Kuboresha uwezo wangu wa kutatua changamoto za kazi." Watumishi wa umma Tanzania walijaza malengo yao kwenye OPRAS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji, tangu 2004, na sasa wanayajaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta ulioichukua nafasi yake, kampuni binafsi nazo zina fomu zao. Shida ya sentensi hiyo ni kwamba mwaka ukiisha hakuna awezaye kusema imetimia au haijatimia. Mkuu wako atakupa alama kwa jinsi anavyokukumbuka, na kinachokumbukwa ni dharura uliyoishughulikia kwa mbio na simu nyingi. Tatizo ulilolimaliza kimya kimya, likawa halitokei tena, halina wa kulikumbuka.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kazi hiyo ya kimya. Nataka upate lengo linaloonyesha kwa namba kwamba matatizo yanayopita mikononi mwako yanakwisha, hayazungushwi tu. Mfano nitakaoutumia kote ni wa stoo ya bidhaa za dukani, inayopeleka mafuta ya kupikia, sabuni na unga kwenye maduka ya mjini. Nimeichagua kwa sababu matatizo yake yanaonekana kwa macho. Lakini muuguzi wa zamu, mhasibu wa SACCOS au fundi wa mitambo ataona njia ni ileile.

Hatua ya 1: Chagua kitendo kimoja

"Kutatua matatizo" ni kazi kadhaa zilizopewa jina moja. Kuna kuligundua tatizo kabla mteja hajalileta. Kuna kulieleza kwa namna ambayo mwenzako atalielewa bila kukuuliza mara mbili. Kuna kutafuta chanzo, kuna kuchagua la kufanya, kuna kulitekeleza mpaka mwisho. Na kuna kurudi baada ya muda kuangalia kama kweli lilikwisha.

Mtu anaweza kuwa hodari wa moja na dhaifu wa jingine. Msimamizi wa stoo anayeweza kupata gari la dharura ndani ya nusu saa anasifiwa na kila mtu, na anastahili. Lakini huenda hajawahi kujiuliza kwa nini gari la dharura linahitajika kila Alhamisi.

Sehemu mbili ndizo zinazoachwa zaidi: kutafuta chanzo, na kurudi kuangalia. Hazina wa kuzisukuma. Mteja akishapata mzigo wake ananyamaza, simu zinatulia, na kazi nyingine inaingia. Kama hujui uanzie wapi, anzia kwenye moja ya hizo mbili. Usichukue zote sita kwa pamoja. Utajaza fomu nzuri na hutatekeleza hata moja.

Hatua ya 2: Fungua daftari la matatizo, wiki nne

Huwezi kusema unataka kufika wapi kama hujui uko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na matatizo ya kazini ni hivyohivyo: yasipoandikwa, mwezi ukiisha unabaki na hisia tu kwamba "mambo yalikuwa mengi".

Daftari la kawaida linatosha, au jedwali la Excel kama uko kwenye kompyuta muda wote. Kila tatizo lipate mstari wake, na kila mstari uwe na mambo haya:

- siku na saa lilipotokea, na saa ulipolijua wewe
- aliyelileta: mteja, mwenzako, au umeliona mwenyewe
- tatizo lenyewe kwa sentensi moja, bila kumlaumu mtu
- chanzo, na umejuaje
- ulichofanya na saa ulipomaliza
- je, limewahi kutokea ndani ya siku 30 zilizopita?

Mstari mmoja wa daftari la stoo unaweza kusomeka hivi: "Jumanne saa 5 asubuhi. Duka la Tandika limepiga simu, limepokea katoni 18 za mafuta, delivari noti inasema 20. Chanzo: sijui bado. Nimepeleka katoni 2 kwa bodaboda, zimefika saa 8 mchana. Ndiyo, lilitokea wiki iliyopita duka la Mbagala."

Ona hayo maneno "sijui bado". Ni bora mara kumi kuliko "uzembe wa mpakiaji". Anayeandika uzembe ameshafunga kesi kabla hajaichunguza, na daftari lake litamfundisha kitu kimoja tu, kwamba watu ni wazembe, jambo ambalo halimsaidii yeyote kupata katoni zake mbili.

Usiandike kila kitu. Kalamu iliyoisha wino siyo tatizo la daftari. Kipimo kizuri ni hiki: limemgusa mteja, limesimamisha kazi, au limegharimu pesa. Lolote kati ya hayo matatu likitokea, liandike siku hiyohiyo. Ukingoja Ijumaa utaandika unayoyakumbuka, na unayoyakumbuka ni yaleyale ya kelele.

Hatua ya 3: Lisome daftari na utoe namba za kuanzia

Wiki nne zikiisha, kaa chini ukiwa na saa nzima bila simu. Unatafuta namba tatu.

Ya kwanza ni kiwango cha kurudi. Hesabu mistari yote, kisha hesabu ile iliyojibiwa "ndiyo, lilitokea". Tuseme una matatizo 24 na 9 kati yake yalikuwa marudio. Hiyo ni kama asilimia 37. Kwangu hii ndiyo namba kubwa kuliko zote, kwa sababu mbio peke yake haziibadilishi. Unaweza kuwa mwepesi kuliko wote ofisini na kiwango chako cha kurudi kikabaki palepale.

Ya pili ni kiwango cha ushahidi. Kati ya matatizo 24, ni mangapi ambayo chanzo chake ulikithibitisha: ulienda kuona, ulikagua karatasi, uliongea na aliyekuwepo? Watu wengi wanaohesabu kwa mara ya kwanza hushtuka. Wengi wetu tunadhani tunajua chanzo, kumbe tunajua tu nani alikuwa zamu.

Ya tatu ni muda: tangu ulipolijua hadi lilipofungwa. Hapa tumia namba ya katikati, usitumie wastani. Tuseme matatizo matano yalichukua saa 2, 3, 3, 4 na 30. Wastani wake ni saa 8.4, namba isiyofanana na tatizo hata moja kati ya hayo. Ya katikati ni 3, na hiyo ndiyo siku yako ya kawaida. Lile la saa 30 lichunguze peke yake. Lina hadithi yake.

Hatua ya 4: Andika lengo

Wengi wamesikia kanuni ya SMART, herufi tano zinazotaja sifa za lengo zuri. Aliyeiandika ni George Doran, Mmarekani, mwaka 1981, na herufi ya tatu, A, kwake ilimaanisha kwamba lengo lipewe mtu wa kulibeba. Baadaye wengi wakaigeuza ikawa "lifikike", na maana ile ya mwanzo ikasahaulika. Mimi naishikilia ile ya mwanzo. Lengo la idara nzima lisilo na mwenyewe hufa mapema, na kila mtu anadhani jirani yake analishughulikia.

Sasa kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipita, na ndilo linalowaangusha watu. Kuna malengo ya matokeo na kuna malengo ya kujifunza. Edwin Locke na Gary Latham walitumia miongo kadhaa kuchunguza malengo kazini, na wakaonyesha kwamba lengo mahususi na gumu huwafanya watu wafanye vizuri kuliko kuwaambia "jitahidini". Lakini Latham na Gerard Seijts waligundua pia kwamba kazi ikiwa ngumu na mtu bado hana ujuzi wake, kumpa lengo gumu la matokeo kunaweza kumharibia. Akili yote inakwenda kwenye namba, hakuna inayobaki ya kutafuta njia. Mtu huyo anafaidika zaidi na lengo la kujifunza: ajue njia kadhaa, azijaribu, aone ipi inafanya kazi.

Kwa hiyo kama ujuzi wa kutafuta chanzo huna bado, miezi mitatu ya kwanza iwe ya kujifunza. Mfano:

"Kuanzia 1 Julai hadi 30 Septemba, kila wiki nitachagua tatizo moja lililorudi na kulichunguza hadi chanzo, nikiwa na ushahidi wa kila hatua kwenye ukurasa mmoja. Kufikia 30 Septemba niwe na kurasa zisizopungua 10, na mkuu wangu awe amezisoma angalau 4."

Robo inayofuata, ujuzi ukiwepo, unaweka la matokeo:

"Kufikia 31 Desemba, matatizo yanayorudi ndani ya siku 30 kwenye stoo yangu yashuke kutoka asilimia 37 hadi asilimia 20 au chini, kwa hesabu ya daftari la miezi mitatu."

Angalia kwamba la kwanza linasema kurasa 10 wakati robo ina wiki 13. Wiki za ugonjwa, msiba au ukaguzi zipo, na lengo lisilo na nafasi ya kupumua huachwa mara ya kwanza linapovunjika. La pili linahesabu miezi mitatu kwa makusudi: ukiwa na matatizo 24 tu kwa mwezi, kila tatizo moja ni karibu asilimia 4, kwa hiyo kushuka kutoka 9 hadi 8 si habari.

Hatua ya 5: Jifunze kufuata chanzo mpaka kiishe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Njia rahisi kuanza nayo ni ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Inahusishwa na Sakichi Toyoda, na Taiichi Ohno ndiye aliyeifanya maarufu kwenye viwanda vya Toyota. Mfano wake mwenyewe ni wa mashine iliyosimama: fyuzi imeungua kwa kuzidiwa, imezidiwa kwa sababu beringi haikupata mafuta ya kutosha, pampu ya mafuta haivuti vizuri, shafti yake imelika, na imelika kwa sababu hakuna chujio, vipande vya chuma vikaingia. Anayebadilisha fyuzi pekee atarudi kuibadilisha tena.

Turudi Tandika. Katoni 18 badala ya 20. Msimamizi wetu haanzi na kikao, anaanza kwa kwenda kwenye rafu. Anakuta katoni mbili zimebaki chini.

"Kaka, mbona hizi mbili zimebaki?"

"Dada, hizo zinavuja. Nikizipakia duka litazirudisha tu, halafu dereva ananilalamikia mimi."

Mpakiaji alifanya la busara. Sasa swali la pili: kama zilibaki, kwa nini karatasi inasema 20? Kwa sababu delivari noti huchapishwa asubuhi kutoka kwenye kompyuta, kabla gari halijapakiwa. Kwa nini kompyuta ilidhani kuna katoni 20 nzima? Kwa sababu katoni zilizoharibika bado zinahesabiwa kama nzima. Kwa nini hazijaondolewa? Kwa sababu fomu za mali iliyoharibika hukusanywa na kusainiwa na meneja mara moja, mwisho wa mwezi. Kwa nini mwisho wa mwezi? Kwa sababu ulikuwa utaratibu wa enzi za karatasi, na kompyuta ilipokuja hakuna aliyeubadilisha.

Hapo umefika. Umeanza na katoni mbili na simu ya hasira, ukaishia kwenye utaratibu wa fomu. Suluhisho ni dogo: rafu moja ya mali mbovu iliyowekewa alama, na mpakiaji mkuu aruhusiwe kuzihamisha kwenye kompyuta kila jioni, meneja asaini baadaye. Na ona faida nyingine: ukiangalia daftari, lile la Mbagala wiki iliyopita lina chanzo hichohicho. Matatizo mawili, mzizi mmoja.

Mambo matatu ya kuzingatia unapofanya hivi. Kila jibu liwe na kitu cha kushika: rafu uliyoiona, karatasi, saa kwenye kompyuta. Jibu lisilo na ushahidi liandike kama dhana na uende ukalihakiki. Pili, tano si sheria. Wakati mwingine mara tatu zinatosha, na wakati mwingine swali moja lina majibu mawili ya kweli na lazima ufuate njia zote mbili. Tatu, jibu likiwa jina la mtu, hujafika. Uliza tena: ni nini kilichomfanya mtu mwenye akili zake timamu aone hilo ndilo la kufanya? Mpakiaji wetu angeweza kupewa barua ya onyo kwa kosa la kutopeleka mafuta yanayovuja. Mambo kama haya huwaumiza watu wa chini kila siku.

Hatua ya 6: Kipe kipimo chako pacha

Namba ikishakuwa lengo, watu huanza kuifanyia kazi namba badala ya jambo lenyewe. Mwanauchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, alieleza hatari hiyo mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha, na ofisini inatokea vilevile. Ukisema lengo ni kupunguza malalamiko, njia nyepesi ni kuacha kuyaandika.

Dawa ni kuweka namba ya pili inayoilinda ya kwanza. Ukipima marudio, pima pia idadi ya matatizo yaliyoandikwa. Marudio yakishuka na daftari nalo likawa tupu, usishangilie. Ukipima muda wa kufunga tatizo, pima pia mangapi yalifunguliwa tena. Ukipima idadi ya kurasa za uchunguzi, pima ni ngapi zilizaa mabadiliko ya utaratibu.

Na mwambie mkuu wako mapema, kabla hujaanza: "Bosi, miezi miwili ya kwanza matatizo yataonekana yameongezeka, kwa sababu sasa tunayaandika." Ukimwambia baadaye, itasikika kama kujitetea.

Hatua ya 7: Weka muda wa ukaguzi na uulinde

Ijumaa, dakika 20, kabla ya kufunga hesabu za wiki. Fungua daftari. Hesabu mapya, hesabu yaliyorudi, chagua moja la kuchunguza wiki ijayo. Kisha fungua kurasa za mwezi uliopita na uulize kuhusu kila suluhisho: je, bado linafanyika? Mpakiaji mkuu bado anahamisha katoni mbovu jioni, au ameacha tangu alipokwenda likizo?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu. Hospitali za Tanzania zilipoanza kutumia 5S, mfumo wa Kijapani wa kupanga sehemu ya kazi kwa hatua tano, Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo kuanzia 2007 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, hatua zake zilipewa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Siku ya kusafisha kila mtu anakuja, na picha zinapigwa. Kushikilia hakuna picha. Ndiyo maana nasema ukaguzi wa Ijumaa uwe kwenye kalenda kama mkutano, na mtu akikuomba muda huo umpe mwingine.

Kama una timu, fanya ukaguzi huo mmesimama mbele ya ubao, na aliyeleta tatizo ashukuriwe kwa sauti. Wiki mtakayomfokea mtu mmoja mbele ya wenzake kwa tatizo aliloliandika mwenyewe, daftari limekufa.

Kama kazi yako haina marudio

Mwanasheria, mbunifu wa programu au mwandishi wa miradi atasema matatizo yake hayafanani. Mara nyingi yanafanana kuliko anavyodhani, hasa yanayohusu mawasiliano na tarehe za mwisho. Lakini kwa yale ambayo kweli ni mapya, pima uamuzi. Kabla hujatekeleza, andika unachotarajia kitokee na lini, pamoja na njia nyingine mbili ulizoziacha. Tarehe ikifika, linganisha. Lengo linaweza kuwa: "Maamuzi 12 yaliyoandikwa kwa robo, yote yamelinganishwa na matokeo, na kwa kila lililokwenda kinyume niandike nilichokosa kukijua." Hapa usiweke asilimia ya kupatia, utaanza kutabiri mambo mepesi.

Hatua ya 8: Robo ikiisha

Utakuta moja ya hali tatu. Namba imefika na pacha wake yuko sawa: liache lengo hilo liendelee kama utaratibu wa kawaida, na uhamie kitendo kingine kutoka hatua ya 1. Namba haijafika lakini kurasa za uchunguzi zipo na zina ushahidi: huenda vyanzo ulivyovipata viko nje ya mamlaka yako. Vipange kwa gharama, peleka kikubwa kimoja kwa mkuu wako ukiwa na ukurasa wake, na uombe kitu mahususi, kwa mfano ruhusa ya mpakiaji mkuu kuingia kwenye kompyuta. Au namba haijafika na kurasa hazipo. Hapo usiongeze lengo wala usilipunguze kwa haraka. Angalia Ijumaa zako zilikwenda wapi, kata idadi ya kurasa iwe moja kila wiki mbili, na anza tena tarehe mosi ya mwezi unaofuata ukiwa na daftari lilelile.